"Uwe Umemaliza": Dhamira Tegemezi ya Wakati Uliopita ya Kifaransa katika Kioo cha Kiswahili

1.0 UTANGULIZI

Makala haya yanashughulikia umbo moja la kitenzi cha Kifaransa, yaani dhamira tegemezi ya wakati uliopita ("subjonctif passé"), kama linavyomkabili mtu ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya kufikiri. Swali letu ni jepesi kulitaja: je, mzungumzaji wa Kiswahili anapokutana na tungo kama "que tu aies fini" anakutana na kitu kigeni kabisa, au anakutana na kitu ambacho tayari anacho bila kujua kuwa anacho?

Swali hili si la anasa. Lugha ya kufundishia katika shule zetu za sekondari na vyuo vikuu ni Kiingereza, na kwa hiyo Kifaransa chetu hufafanuliwa kwa Kiingereza. Bahati mbaya, Kiingereza ni lugha ambayo imekwisha kuipoteza karibu dhamira yote tegemezi. Kilichobaki ni vipande vichache vya lugha ya kisheria na ya kidini. Mwanafunzi huelezwa jambo asilolijua kwa njia ya lugha isiyokuwa nalo. Matokeo yake hukariri orodha ndefu ya viunganishi na vitenzi "vinavyodai subjonctif", akafaulu mtihani, na mwaka unaofuata orodha imeyeyuka. Wakati huohuo lugha anayoiongea bwenini na sokoni inatumia dhamira hiyo kila saa.

Kukutana kwa sarufi ya Kifaransa na ya Kiswahili si jambo jipya katika nchi hii. Charles Sacleux, mmisionari Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Unguja na Bagamoyo, alichapisha sarufi yake ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909 na kamusi yake kubwa ya Kiswahili-Kifaransa mwaka 1939. Lakini yeye alikuwa akiwaeleza Wafaransa Kiswahili. Hapa tunakwenda upande wa pili.

Kuhusu istilahi: "dhamira arifu" ni ile inayoeleza tukio kama jambo lililopo ("anakuja", "amekuja"), na "dhamira tegemezi" ni ile ambayo katika Kiswahili hutambulika kwa kiishio -e katika vitenzi vya Kibantu ("aje", "tuondoke"). Jina "tegemezi" lenyewe linapotosha kidogo. Limefuata asili ya Kilatini ya neno "subjonctif", yenye maana ya kufungwa nira chini ya kingine, ilhali -e yetu husimama peke yake bila taabu: "Tuondoke", "Nifanye nini?" Tunalitumia kwa kuwa limezoeleka. "Kitenzi-sifa" tunakiita kile ambacho Wafaransa hukiita "participe passé", yaani "fini", "venu", "mangé". Nyota mbele ya tungo huonyesha kwamba tungo hiyo haikubaliki.

Mifano mingi tumeiweka Mpitimbi, Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma, nayo inahusu mahindi, magunia na malori. Mifano ya vitabuni inayohusu treni za Paris humpa mwanafunzi mizigo miwili kwa mara moja, ule wa sarufi na ule wa mazingira. Aidha, mwanafunzi wa Mpitimbi mara nyingi huanza na Kingoni, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza, ndipo Kifaransa. Kingoni nacho, kama lugha nyingi za Kibantu, kina dhamira tegemezi ya -e. Kwa hiyo kati ya lugha hizo nne ni Kiingereza peke yake kinachomwacha mikono mitupu, na ndicho tunachokitumia kumfafanulia.

2.0 UUNDAJI WA UMBO

Hapa hatuhitaji kukaa sana. Umbo hili huundwa kwa kitenzi kisaidizi, "avoir" au "être", kikiwa katika dhamira tegemezi ya wakati uliopo, kikifuatwa na kitenzi-sifa cha kitenzi kikuu:

(1) que j'aie, que tu aies, qu'il ait, que nous ayons, que vous ayez, qu'ils aient + fini
(2) que je sois, que tu sois, qu'il soit, que nous soyons, que vous soyez, qu'ils soient + venu(e)(s)

Tahajia "ayons, ayez, soyons, soyez" haina -i- baada ya -y-. Kosa la kuandika *"soyions" ni la kawaida hata kwa Wafaransa wenyewe. Kanuni ya kuchagua kati ya "avoir" na "être" ni ileile ya "passé composé". Vitenzi vichache visivyo na yambwa, vingi vyavyo vya mwendo au vya kubadilika hali (aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, naître, mourir, rester, tomber na jamaa zao), pamoja na vitenzi vyote vya kujirejea, huchukua "être". Vilivyobaki huchukua "avoir". Baadhi ya vitenzi hubadili kisaidizi vinapopata yambwa, kwa mfano "qu'il soit monté" (awe amepanda) na "qu'il ait monté les sacs" (awe amepandisha magunia). Kiswahili huonyesha tofauti hiyo kwa kiambishi cha kusababisha; Kifaransa huionyesha kwa kisaidizi.

Upatanisho nao hugawanywa. Kisaidizi hubeba nafsi, kitenzi-sifa hubeba jinsi na idadi: "qu'elles soient venues". Katika Kiswahili vitenzi vyote viwili hubeba kiambishi cha kiima, "wawe wamekuja", na kwa hiyo mwanafunzi hashangazwi na wazo la kupatanisha mara mbili.

3.0 KIOO CHENYEWE: UMBO "AWE AME-"

Msomaji aliyefuatana nasi hadi hapa atakuwa amekwisha kuona tunakoelekea. Kiswahili kina umbo ambatani ambamo kitenzi kisaidizi "kuwa" huchukua -e na kitenzi kikuu huchukua -me- ya hali timilifu. Wanasarufi, kuanzia wale wa kizazi cha Ashton (1944), wamezieleza njeo ambatani za "kuwa" kwa urefu, lakini umbo hili hupewa nafasi ndogo, kana kwamba ni la nadra. Si la nadra hata kidogo. Fungua gazeti lolote ukurasa wa matangazo ya kazi:

(3) Mwombaji awe raia wa Tanzania, awe na umri usiopungua miaka 18, awe amehitimu kidato cha nne.
(4) Il faut que le candidat soit de nationalité tanzanienne, qu'il ait au moins dix-huit ans, qu'il ait terminé la quatrième année du secondaire.

Katika sentensi moja tunapata "awe", "awe na" na "awe ame-", na Kifaransa kinajibu kwa "soit", "ait" na "ait + kitenzi-sifa", hatua kwa hatua. Sehemu ya kwanza ya umbo (kisaidizi) inabeba dhamira: jambo hili linatakiwa. Sehemu ya pili inabeba hali timilifu: liwe limekwisha kutendeka. Mwalimu anayeandika (3) na (4) ubaoni, moja chini ya nyingine, hana haja ya kusema mengi.

Kioo hiki kinaonyesha mambo mawili ambayo jina "wakati uliopita" huyaficha. La kwanza ni kwamba umbo hili halihusu wakati uliopita kwa maana halisi. Linahusu kutangulia. Tukio limekamilika kabla ya kikomo fulani, na kikomo hicho chaweza kuwa mbele yetu:

(5) a. Kesho saa sita mahindi yawe yamepukuchuliwa.
    b. Il faut que demain à midi le maïs ait été égrené.

Hakuna kilichopita hapo. Hata kupukuchua hakujaanza. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "subjonctif passé" ni "kwa mambo ya jana" hukwama. Yule aliyeonyeshwa "yawe yamepukuchuliwa" hakwami, maana -me- yake haijawahi kuwa alama ya jana.

La pili ni kwamba umbo ambatani hufichua dhamira ambayo umbo sahili huificha. Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu havipokei -e: "ajibu", "asamehe", "arudi" hutambulika kuwa dhamira tegemezi kwa kukosa kiambishi cha njeo tu. Vivyo hivyo vitenzi vya Kifaransa vya kundi la -er, ambavyo ndivyo vilivyo vingi, havitofautishi "tu manges" ya dhamira arifu na "que tu manges" ya dhamira tegemezi. Lakini mara kisaidizi kinapoingia, mambo huwa wazi katika lugha zote mbili: "awe amerudi", "que tu aies mangé". Kwa sababu hiyo tunaona kuna hoja ya kufundisha umbo ambatani mapema kuliko inavyofanyika sasa, pengine hata sambamba na umbo sahili.

Mazungumzo ya mashariki mwa Kongo yanatoa ushahidi wa pembeni. Huko Bukavu na Lubumbashi, ambako Kiswahili na Kifaransa huchanganywa kila siku, "il faut" huingia katika sentensi ya Kiswahili na kufuatwa na kitenzi cha -e: "il faut uende". Msemaji hakufundishwa na mtu kulinganisha dhamira hizo mbili. Amezilinganisha mwenyewe.

3.1 Hatari ya kioo

Kioo kina hatari yake, nayo ni ya kuchekesha. Kiswahili kina kisaidizi kimoja tu, "kuwa", ambacho maana yake ni "être". Mwanafunzi anayetafsiri "uwe umekula" neno kwa neno hupata:

(6) que tu sois mangé

Tungo hii si kosa la sarufi. Ni Kifaransa safi, ila maana yake ni "uwe umeliwa". Hapa hakuna njia ya mkato. Mgawanyo wa "avoir" na "être" lazima ujulikane kwa moyo, na Kiswahili hakiwezi kuusaidia.

3.2 Ukanushi

Upande wa ukanushi, Kiswahili ndicho tajiri zaidi. Kifaransa huweka "ne... pas" kuzunguka kisaidizi basi. Kiswahili kina nafasi mbili:

(7) a. Mungu ajalie lori lisiwe limeondoka.
    b. Mungu ajalie lori liwe halijaondoka.

Katika (7a) kinachokanushwa ni kisaidizi: tunaomba hali fulani, ya lori kuwa limeondoka, isiwepo. Katika (7b) kinachokanushwa ni kitenzi kikuu, kwa -ja-: tunaomba hali fulani iwepo, nayo ni hali ya kuondoka kutotokea bado, ingawa kunatarajiwa. Anayekimbia kutoka shambani kulifuata lori la Songea husema (7b). Anayetumaini kwamba dereva hakuwatoroka abiria wake aghalabu husema (7a). Kifaransa hupambanua tofauti hiyo kwa kielezi: "pourvu que le camion ne soit pas parti" kwa (7a), na "pourvu que le camion ne soit pas encore parti" kwa (7b). Mwanafunzi ashauriwe kwamba kila anapohisi -ja- katika Kiswahili chake, "encore" inabisha hodi.

4.0 KIOO KINAPOVUNJIKA

Laiti mambo yangekuwa yote kama (3) na (4), makala haya yangeishia hapa. Lakini tuangalie tungo zifuatazo:

(8) a. Je suis content que tu sois arrivé à Mpitimbi.
    b. Nimefurahi kwamba umefika Mpitimbi.
    c. *Nimefurahi kwamba uwe umefika Mpitimbi.

Tungo (8c) si Kiswahili cha mahali popote tunapopajua. Baada ya furaha, huzuni, mshangao na majuto, Kiswahili hutumia dhamira arifu, au hukigeuza kitenzi kuwa nomino: "kufika kwako kumenifurahisha". Kifaransa, kinyume chake, hudai dhamira tegemezi: "je regrette qu'il soit parti", "c'est dommage que la pluie ait abîmé le maïs". Hapa ndipo wanafunzi wetu huandika *"je suis content que tu es arrivé", na hapa ndipo mwalimu huwaambia, kwa lugha ya Kiingereza, kwamba baada ya hisia hufuata "subjonctif". Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini haielezi kwa nini hisia ziwe pamoja na amri na matakwa.

Maelezo tunayoyapendekeza ni haya. Kiswahili huuliza swali moja tu kabla ya kuchagua dhamira: je, tukio limethibitika? Likiwa limethibitika, dhamira arifu. Likiwa linatakiwa, linaombwa, linakisiwa au linahofiwa, -e. Kifaransa huuliza swali lingine: je, msemaji analitoa tukio hili kama habari? Anayesema "je suis content que tu sois arrivé" hampi msikilizaji habari ya kufika kwake. Msikilizaji anajua kwamba amefika. Habari ni furaha. Kufika kumewekwa chini, kama msingi ambao furaha imejengwa juu yake. Wazo la namna hii lilitolewa na Terrell na Hooper mwaka 1974 kuhusu Kihispania, nasi tunaona linafaa kwa Kifaransa pia, ingawa si bila mabaki. Gustave Guillaume, katika kitabu chake cha 1929 kuhusu wakati na kitenzi, alikuwa ameelekea kwingine: kwake "subjonctif" ni wakati ambao taswira yake akilini haijakamilika. Maelezo yake yanawafaa sana wanafalsafa. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili hayashikiki.

Ushahidi mzuri wa mpaka huu ni kitenzi cha hofu. Hofu ni hisia kama furaha, na Kifaransa huziweka kapu moja. Kiswahili huzitenga:

(9) a. Je crains qu'il ne soit tombé.
    b. Nachelea asije akawa ameanguka.

Kwa nini hofu ipate -e na furaha isipate? Kwa sababu anayehofu hajui. Kuanguka hakujathibitika. Mara atakapojua, hofu itakwisha na itageuka majuto, nayo lugha itarudi kwenye dhamira arifu: "nasikitika kwamba ameanguka". Kifaransa hakitabadilika: "je regrette qu'il soit tombé". Uwezekano nao hufuata njia ya hofu: "inawezekana awe amefika", "haiwezekani awe ameondoka", na Kifaransa "il est possible qu'il soit arrivé", "il est impossible qu'il soit parti".

Mwanafunzi basi agawiwe kanuni mbili. Ya kwanza: kila mahali Kiswahili chako kinaposema "awe ame-", Kifaransa karibu kila mara kitataka "subjonctif passé", na unaweza kuliamini sikio lako. Ya pili: sikio lako litakudanganya pale tukio linapokuwa la hakika lakini si habari, yaani baada ya maneno ya hisia na tathmini, na baada ya "bien que" ("ingawa"). "Ingawa lori limechelewa" ni "bien que le camion soit arrivé en retard". Orodha ya kukariri inabaki, lakini imepungua kwa zaidi ya nusu, na kilichobaki kina sababu moja.

Kwa wanaoona (8a) ni nzito mno, Kifaransa chenyewe kimeacha mlango wa nyuma: "je me réjouis de ce que tu es arrivé", ambamo "de ce que", inayolingana na "kwa kuwa" yetu, huruhusu dhamira arifu. Ni ya kimaandishi kidogo, lakini ni sahihi.

4.1 Shaka, na kazi ya "kama"

Kuhusu shaka, Kiswahili hakitumii kitenzi bali kiunganishi. Linganisha "nadhani kwamba lori limefika" na "sidhani kama lori limefika". Kitenzi "limefika" hakikubadilika. Kilichobadilika ni "kwamba" kuwa "kama". Wapo wasemaji wanaoendelea na "kwamba" hata katika ukanushi, lakini "kama" ndiyo iliyozoeleka zaidi masikioni mwetu. Kifaransa hufanya kinyume: "que" haibadiliki, kitenzi hubadilika.

(10) a. Je crois que le camion est arrivé.
     b. Je ne crois pas que le camion soit arrivé.

Kwa hiyo "kama" ya shaka ni ishara ya kutegemewa: ukiisikia katika Kiswahili chako, geuza kitenzi katika Kifaransa. Angalizo moja ni kuhusu "espérer". "J'espère qu'il est arrivé" huchukua dhamira arifu, sawa na "natumaini amefika", wakati "souhaiter" huchukua dhamira tegemezi. Wanafunzi wenye bidii huikosea "espérer" kuliko wavivu.

Vishazi rejeshi tunavipita haraka. Kiswahili hakina kirejeshi cha -e, na kwa hiyo "le sac le plus lourd que j'aie jamais porté" hutafsirika "gunia zito kuliko yote niliyowahi kubeba", ambapo "-wahi" inabeba peke yake yale ambayo Kifaransa kimeyagawa kati ya "jamais" na dhamira.

5.0 "KABLA HAJAFIKA" NA "NE" ISIYOKANUSHA

Katika (9a) msomaji ameona neno "ne" lisilokuwa na "pas" na lisilokanusha chochote. Wanasarufi wa Kifaransa huliita "ne explétif", yaani "ne" ya ziada, na walimu wengi huwaambia wanafunzi walipuuze. Ni kweli kwamba si la lazima, na katika mazungumzo huachwa. Lakini kwa mzungumzaji wa Kiswahili si la ziada hata kidogo:

(11) a. Il faut que tu aies égrené le maïs avant que le camion n'arrive.
     b. Uwe umepukuchua mahindi kabla lori halijafika.

"Kabla lori halijafika" ina ukanushi kamili, na mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa: kwa nini mseme lori halijafika ilhali mnajua litafika? Jibu tunalijua sote. Wakati wa tendo la kwanza, la pili halijatokea. Kifaransa kimehifadhi alama dogo ya fikra hiyohiyo. Na katika (9) uwiano ni wa karibu zaidi: -si- katika "asije" na "ne" katika "ne soit tombé" zote zinatokana na jambo moja, nalo ni kwamba anayehofu tukio hulitakia lisiwe. Lugha hizi mbili hazikuazimana. Mwanafunzi wetu, kwa hiyo, asiambiwe kupuuza "ne" hii. Aambiwe kwamba anaijua.

6.0 MAUMBO YA KALE: "-SSE" NA "-NGALI-"

Dhamira tegemezi ya Kifaransa ina maumbo mengine mawili ya wakati uliopita, "imparfait" ("que je parlasse, que je finisse, que je fusse") na "plus-que-parfait" ("que j'eusse parlé, que je fusse venu"). Huundwa kutokana na shina la "passé simple", na nafsi ya tatu umoja hupata kofia: "qu'il parlât, qu'il fût, qu'il eût". Kanuni ya zamani ya kulinganisha njeo ilidai kwamba kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita, kitenzi tegemezi kishuke kwenye maumbo haya: "je voulais qu'il fût arrivé". Mazungumzo yameyaacha. Hata Wizara ya Elimu ya Ufaransa ililegeza kamba mapema, pale tangazo la Februari 26, 1901 liliporuhusu katika mitihani dhamira tegemezi ya wakati uliopo mahali pa "imparfait" baada ya kitenzi cha masharti. Leo watu husema "je voulais qu'il soit arrivé", na huo ndio mpangilio ambao Kiswahili kimekuwa nao siku zote: "nilitaka awe amefika". Kisaidizi chetu hakishuki hata kitenzi kikuu kikiwa cha -li-.

Hata hivyo msomaji wa fasihi atakutana nayo, na kuna mahali pamoja yanapostahili kutazamwa kwa makini:

(12) a. S'il eût su, il fût venu.
     b. Angalijua, angalikuja.

Umbo moja linarudiwa katika vishazi vyote viwili, cha sharti na cha matokeo, jambo ambalo Kifaransa cha kawaida ("s'il avait su, il serait venu") hakifanyi. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekaririshwa tangu shule ya msingi kwamba -ngali- hufuatana na -ngali- ataiona (12a) kuwa ya kawaida kuliko ile inayozungumzwa. Na kama "-sse" ilivyo huko, -ngali- huku inasukumwa na -nge- katika mazungumzo ya kila siku.

7.0 KATIKA KAZI YA TAFSIRI

Tulisema kwamba swali letu si la anasa. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Nyaraka zinazosomwa kwa Kifaransa upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili zinaongezeka, na lugha ya masharti ndiyo makazi makuu ya "subjonctif passé":

(13) a. à condition que le demandeur ait payé la taxe
     b. mradi mwombaji awe amelipa ada
     c. mradi mwombaji alipe ada

Tafsiri (13c) inasomeka vizuri, na mhariri asiye na asilia mbele yake hatagundua lolote. Lakini imebadili sheria. Katika (13b), inayolingana na asilia, malipo ni sharti la kufikiriwa: asiyelipa maombi yake hayapokelewi. Katika (13c) malipo ni wajibu unaoweza kutekelezwa baadaye, na mwombaji aliyefika dirishani bila risiti ana haki ya kudai apokelewe kwanza. Kifaransa kingesema "à condition que le demandeur paie la taxe". Kinyume chake, mfasiri anayefuata umbo bila kuuliza kama tukio limethibitika ataitafsiri "bien que le demandeur ait payé" kuwa *"ingawa mwombaji awe amelipa", ambapo "ingawa mwombaji amelipa" ndiyo inayotakiwa.

Mfano wa mwisho unakusanya kisaidizi, ukanushi na "-wahi" kwa pamoja. Sharti la "qu'il n'ait jamais été condamné" ni "awe hajawahi kutiwa hatiani". Wapo wanaoandika "asiwe amewahi kutiwa hatiani", nayo inakubalika, kwa kuwa baada ya "-wahi" tofauti tuliyoiona katika (7) hufifia. Anayeandika "asitiwe hatiani" amemwonya mwombaji kuhusu siku zijazo, wakati hati iliuliza kuhusu zile alizokwisha kuziishi.